Famuwea ya bure isiyogawika: Leseni zinavyowaacha watumiaji wa Linux bila mtandao

Na Mwandishi Wetu, Bujora

HATUA ya kampuni ya Microsoft kusitisha huduma kwa mfumo endeshi wa Windows 10 Oktoba 14, 2025 imewaacha wamiliki wengi wa kompyuta za zamani njia panda. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, masharti ambayo mashine nyingi zilizoingia nchini kama mitumba haziwezi kuyatimiza.

Njia inayotajwa mara kwa mara ni kuhamia katika mifumo huria ya familia ya Linux, kama vile Debian, Ubuntu na Fedora. Mifumo hiyo hutolewa bila malipo, yeyote anaruhusiwa kuinakili na kuigawa, na baadhi yake hufanya kazi vizuri katika kompyuta yenye umri wa miaka kumi au zaidi.

Hata hivyo, anayefuata ushauri huo bila kujiandaa anaweza kukumbana na jambo la kushangaza. Kompyuta inawaka, kibodi inaitikia, programu zinafunguka, ila mtandao usiotumia waya haupo. Kadi ya waifai imo ndani ya mashine, ni nzima, na jana yake ilikuwa ikifanya kazi chini ya Windows.

Mara nyingi chanzo si ubovu wa kadi wala udhaifu wa Linux. Ni sentensi chache katika leseni ya kampuni iliyotengeneza kadi hiyo.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Kadi ya waifai ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya kompyuta kubwa. Ina prosesa yake na kumbukumbu yake, na inahitaji programu yake yenyewe ili ijue namna ya kutuma na kupokea mawimbi. Programu hiyo ndiyo mafundi huiita famuwea.

Zamani famuwea ilichomwa ndani ya chipu kiwandani, na mtumiaji hakuwa na sababu ya kujua kwamba ipo. Kadiri ushindani wa bei ulivyozidi, watengenezaji waliona ni nafuu kuondoa kumbukumbu ya kudumu katika kadi na kubakiza ile inayofutika umeme unapokatika. Kwa hiyo kila kompyuta inapowashwa, mfumo endeshi hulazimika kuipakia kadi famuwea yake upya, kutoka katika faili lililoko kwenye diski.

Katika Windows jambo hili halionekani, kwa kuwa mtengenezaji wa kadi huikabidhi Microsoft au muuza kompyuta faili hilo. Miradi ya Linux haina mkataba wa namna hiyo. Inahitaji ruhusa ya kuliweka faili katika diski zake, ruhusa itakayomhusu pia kila mtu atakayeinakili diski hiyo baadaye.

Ikumbukwe kwamba faili lenyewe haliuzwi. Mwenye kadi amekwisha kulilipia aliponunua kompyuta, na ana haki ya kulitumia. Asichopewa ni haki ya kuligawa. Pasipo ruhusa hiyo, kunakili faili la kilobaiti chache na kumpa mwingine ni uvunjaji wa hakimiliki, na hapa Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa.

Fundi anayebeba faili hilo katika flashi yake na kuwawekea wateja huenda asiulizwe na mtu. Mradi wenye seva katika nchi kadhaa na jina la kulinda hauwezi kufanya hivyo.

Kisa cha Broadcom

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Broadcom ya Marekani, ambayo chipu zake za waifai ziliwekwa katika kompyuta nyingi za Dell, HP na Apple katikati ya miaka ya 2000. Ni mashine za aina hiyo ambazo baadaye zilisafiri hadi masoko ya mitumba ya Afrika.

Broadcom haikutoa maelezo ya namna chipu hizo zinavyofanya kazi. Wataalamu wa kujitolea walizichunguza kwa kutazama tabia ya kiendeshi chake, wakaandika kiendeshi kipya kutoka mwanzo, nacho kikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2006. Toleo lililoboreshwa, liitwalo b43, liliingia Januari 2008.

Kiendeshi kilipatikana, lakini famuwea ilibaki mali ya Broadcom. Hapo ndipo ilipobuniwa njia ya mzunguko: programu ndogo huenda mtandaoni, hupakua kiendeshi cha kampuni kutoka mahali kilipo, kisha hukikata na kutoa famuwea iliyomo, yote yakifanyika ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Mradi wa Linux haujagusa faili wala kuligawa, hivyo hauna kosa.

Kisheria ni werevu. Kwa mtumiaji, maana yake ni kwamba ili apate mtandao ni lazima kwanza awe na mtandao.

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye waya wa intaneti ofisini hakioni kikwazo hicho. Anachomeka waya, anasubiri dakika chache, mambo yamekwisha. Hali ni tofauti kwa mtu wa Bujora, katika eneo la Kisesa, takriban kilometa 20 mashariki ya jiji la Mwanza katika barabara ya Musoma. Kama waifai ndiyo njia pekee ya kompyuta yake kuufikia mtandao, atalazimika kupanda daladala na mashine mkononi, aende mjini kutafuta mahali penye waya, kwa ajili ya faili linaloweza kuhamishwa kwa flashi katika sekunde moja.

Bujora inafahamika zaidi kwa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Humo zimo kumbukumbu za vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili wapinzani, Ngika na Gumha. Katika mashindano ya ngoma, mganga huwapa wachezaji dawa ya kuvuta watazamaji bila kuwatajia mizizi iliyomo, na wachezaji hawaoni ubaya wowote; haja yao ni watu wahamie upande wao. Famuwea ni dawa ya namna hiyo, ikiwa na sharti moja la ziada, kwamba aliyepewa asimmegee jirani.

Ni kweli kwamba simu za mkononi zimepunguza makali ya tatizo. Mtu mwenye simu ya Android anaweza kuiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB, akatumia bando lake kupakua kinachokosekana, na njia hiyo haihitaji famuwea ya kadi ya waifai. Lakini anayejua hilo ni fundi. Mwalimu aliyepokea kompyuta 20 za msaada, kila moja ikiwa na waifai iliyokufa, atahitimisha kwamba Linux haifai, na pengine hatairudia tena.

Aidha, njia ya kupakua inategemea kuwapo kwa seva upande wa pili. Kwa miaka mingi kisakinishi cha Debian cha famuwea ya b43 kilielekezwa kwenye tovuti binafsi ya Larry Finger, Mmarekani aliyejitolea kutunza viendeshi vya waifai vya Linux hadi alipofariki dunia Juni 2024. Kampuni yenye mapato ya mabilioni ya dola ingeweza kulimaliza suala hilo kwa ukurasa mmoja wa ruhusa. Badala yake mzigo ulibebwa na mstaafu mmoja.

Kulikuwa na jaribio jingine lisilosimuliwa sana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brescia, Italia, waliandika famuwea huria kwa ajili ya baadhi ya chipu za zamani za Broadcom. Ilifanya kazi, ikathibitisha kwamba hakuna siri ya ajabu ndani yake, lakini haikuzifikia chipu zilizofuata.

Broadcom yenyewe ilibadili mwelekeo Septemba 2010, ilipotoa kiendeshi huria kwa chipu zake mpya za wakati huo pamoja na famuwea inayoruhusiwa kugawiwa. Chipu za zamani hazikuhusishwa. Matokeo yake ni kwamba mashine ambazo kwa sasa ni rahisi zaidi kuwafikia watu wa kipato cha chini ndizo zilizoachwa nyuma ya mstari.

Vikwazo viwili vinavyochanganywa

Katika mjadala huu kuna mambo mawili ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Lipo suala la kampuni kukataza famuwea isigawiwe. Lipo pia suala la miradi ya programu huria yenyewe kukataa kugawa famuwea iliyoruhusiwa, kwa sababu chanzo chake kimefichwa na haiwezi kurekebishwa.

Tofauti hiyo ilijitokeza wazi kati ya mwaka 2004 na 2006, wakati Theo de Raadt, kiongozi wa mradi wa OpenBSD wenye makao nchini Kanada, alipoendesha kampeni dhidi ya watengenezaji wa vifaa vya waifai, Intel ikiwa miongoni mwao. De Raadt, ambaye si mtu wa kupunguza maneno, hakudai chanzo cha famuwea. Alichotaka ni haki ya kuigawa bila masharti.

Intel kwa upande wake haikuwa imekataza kabisa. Famuwea ya kadi zake za Centrino iliruhusiwa kugawiwa, ila kwa sharti la mtumiaji kuonyeshwa leseni na kuikubali. Sharti hilo linaonekana dogo, lakini kwa mfumo unaojisakinisha wenyewe katika mashine nyingi kwa wakati mmoja ni mfupa kooni. Kwa kadi zilizofuata, kuanzia mwaka 2007, Intel ililegeza masharti hayo, na tangu hapo kadi zake zimekuwa miongoni mwa zile ambazo mtumiaji wa Linux hahangaiki nazo.

Kikwazo cha pili kilikuwa kizito zaidi ndani ya Debian, mradi ambao ni msingi wa Ubuntu na mifumo mingine mingi. Mwaka 1997 Debian ilijiwekea Mkataba wa Kijamii unaoahidi kwamba mfumo wake utabaki huria kwa asilimia 100. Mwaka 2004 wanachama walipiga kura kuuweka wazi zaidi mkataba huo, na tafsiri ikawa kwamba hata famuwea inahusika.

Kuahidi ni rahisi kuliko kutekeleza. Mwaka 2006 na tena mwaka 2008 wanachama walilazimika kupiga kura ili matoleo yaliyokuwa yakisubiriwa yatoke na famuwea hizo zikiwa bado zimo. Februari 2011, katika toleo la 6, hatimaye ziliondolewa zote katika kiini cha mfumo. Kuanzia hapo, kisakinishi cha Debian kilipokuta kadi ya namna hiyo kilimwambia mtumiaji alete faili fulani kwa flashi, huku faili lenyewe likiwa kwenye intaneti.

Kwa haki, Debian haikuwatupa watumiaji. Ziliandaliwa diski nyingine, zisizo rasmi, zenye famuwea ndani yake. Tatizo ni kwamba kurasa za diski hizo zilifichika, na mgeni alichukua ile rasmi, akagonga mwamba.

Aprili 2022 Steve McIntyre, mmoja wa waandaaji wa diski za Debian, aliwaandikia wenzake akitaka suala hilo limalizwe. Moja ya hoja zake iligusa watu wasioona. Wao hutegemea kisakinishi kinachosoma maneno kwa sauti, lakini katika kompyuta nyingi mpya kadi ya sauti nayo imeanza kuhitaji famuwea. Pasipo faili hilo mashine iko kimya, na asiyeona hawezi hata kuona ujumbe unaomwambia ni faili gani linakosekana.

Kura iliyokamilika mwanzoni mwa Oktoba 2022 iliamua Mkataba wa Kijamii urekebishwe na famuwea zinazoruhusiwa kugawiwa ziingizwe katika diski rasmi, zikiwa katika fungu lake zenyewe. Uamuzi huo ulianza kutekelezwa katika Debian 12 iliyotoka Juni 10, 2023, na umeendelea katika Debian 13 ya Agosti 9, 2025.

Wapo walioona huo ni usaliti. Wakfu wa Programu Huria wa Marekani, ulioanzishwa na Richard Stallman, bado unaidhinisha tu mifumo isiyo na famuwea funge hata moja, kama Trisquel. Msimamo huo una mantiki yake, lakini una kitendawili ambacho watetezi wake hawajakitegua vizuri: famuwea ileile ikichomwa ndani ya chipu kiwandani, hawaikatai. Inapotolewa nje na kuwa faili, inakuwa haramu. Mtumiaji hana uhuru zaidi katika hali ya kwanza. Kilichobadilika ni kwamba haioni.

Pamoja na hayo, ukaidi wa miaka hiyo haukuwa wa bure. Kama kila mradi ungelikubali masharti yoyote uliyopewa, Intel isingelikuwa na sababu ya kulegeza leseni mwaka 2007, wala Broadcom mwaka 2010. Mwaka 2013 Qualcomm Atheros ilikwenda mbali zaidi, ikatoa chanzo chote cha famuwea ya baadhi ya chipu zake za USB. Gharama ya shinikizo hilo, hata hivyo, haikulipwa na waliolianzisha. Ililipwa na waliokuwa mbali na waya.

Afrika Mashariki ilipojaribu

Tanzania haikuwa mtazamaji katika harakati za programu huria. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliofadhiliwa na Shirika la Misaada la Sweden (Sida) na kushirikisha kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kilizindua Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Maneno kama "sakinisha" yaliyo kinywani mwa mafundi wa leo yana deni kwa kazi za aina hiyo.

Kilinux iliwezekana kwa sababu leseni ya OpenOffice iliruhusu yeyote kuitafsiri na kuigawa bila kuomba. Hakuna aliyeandika barua Marekani kuomba kibali. Ngazi moja chini, kwenye famuwea, milango ilikuwa imefungwa, na hapo Kiswahili hakikusaidia kitu.

Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilikuwa ikituma diski za Ubuntu kwa posta duniani kote bila malipo, huduma iliyodumu hadi Aprili 2011. Jina la mfumo huo ni ndugu wa neno "utu" la Kiswahili. Kwa nchi ambazo zilitegemea setilaiti hadi mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, bahasha ya posta ilikuwa njia ya haraka kuliko intaneti. Ubuntu ilikuwa na msimamo mlegevu kuliko Debian, ikaweka famuwea zote zilizoruhusiwa. Lakini mwenye chipu ya Broadcom aliyepokea diski hiyo alikuta ujumbe uleule wa kumtaka apakue faili mtandaoni.

Somo jingine linatoka Rwanda, iliyoendesha mpango mkubwa kuliko yote barani Afrika wa kompyuta ndogo za XO kwa watoto wa shule, kuanzia mwaka 2008. Kompyuta hizo zilitumia Linux ya familia ya Fedora, na ziliundwa ili ziweze kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe pasipo mnara wala kisambazaji, kila moja ikipokezana taarifa na ya jirani.

Chipu ya waifai ya XO ilitoka kampuni ya Marvell. Waandaaji walipata ruhusa ya kugawa famuwea, hivyo kikwazo cha kwanza hakikuwapo. Kila kompyuta ilifika ikiwa na waifai hai. Chanzo hawakukipata, jambo lililowafanya de Raadt na Stallman kuwashutumu hadharani. Uwezo wa kuunganisha kompyuta kwa kompyuta ulikuwa ndani ya famuwea hiyo. Ulipoonekana kusuasua katika madarasa yenye mashine nyingi, hapakuwa na mhandisi wa Kigali wala wa kwingineko nje ya Marvell aliyeweza kuifungua na kurekebisha. Toleo la XO lililofuata liliachana na uwezo huo.

Kisa cha Rwanda kinaonyesha kwamba ruhusa ya kugawa hutatua tatizo la siku ya kwanza, si la mwaka wa tatu. Lakini isiyagawike hata siku ya kwanza haifiki.

Hoja ya masafa

Watengenezaji wamekuwa wakitoa sababu moja yenye uzito. Kadi ya waifai ni kituo kidogo cha redio, na sheria za Marekani na nchi nyingine zinawataka wahakikishe mtumiaji hawezi kuongeza nguvu au kuhamia masafa yasiyoruhusiwa. Famuwea iliyofungwa, wanasema, ndiyo kufuli yenyewe.

Hoja hiyo inaweza kueleza kwa nini chanzo kimefichwa. Haielezi kwa nini faili lilelile, lisilobadilishwa hata herufi moja, lisiruhusiwe kunakiliwa. Kufuli haliwi dhaifu kwa sababu limegawiwa kwa watu wengi.

Hapa nchini Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huidhinisha vifaa vya mawasiliano kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Uidhinishaji huo unahusu ubora wa kiufundi, masafa na usalama. Kadi inaweza kukidhi yote hayo na bado ikawa kipande cha plastiki ndani ya mfumo ambao famuwea yake hairuhusiwi kuwamo.

Pengo hilo linaweza kuzibwa mahali pengine. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 haizuii taasisi kuandika katika zabuni kwamba kila kifaa kiwe na famuwea inayoruhusiwa kugawiwa bila masharti. Sentensi hiyo haiongezi bei, kwa kuwa kadi nyingi zilizoko sokoni leo zinaikidhi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ambao umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma, una nafasi ya kuitumia mapema kuliko wengine, na wafadhili wanaoleta mitumba wangeweza kuulizwa swali hilo kabla kontena halijapakiwa.

Hali kwa ujumla ni bora kuliko ilivyokuwa miaka 15 iliyopita. Hazina ya pamoja ya famuwea za Linux, iliyotenganishwa na kiini cha mfumo kuanzia mwaka 2008, hupokea tu mafaili yenye ruhusa ya kugawiwa, na Intel, AMD, Realtek, MediaTek na Qualcomm zote zina mafaili humo.

Vikwazo vipya navyo vimezaliwa. Kompyuta za Apple zenye chipu za kampuni hiyo, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, zina famuwea ya waifai isiyoruhusiwa kugawiwa. Wataalamu wa mradi wa Asahi Linux wamelazimika kuinakili kutoka katika mfumo wa Apple uliomo ndani ya mashine wakati wa kusakinisha. Anayefuta diski nzima kwanza, kama mafundi wengi walivyozoea kufanya na mitumba, anajifungia mlango.

Kwa anayenunua kompyuta ya mkononi iliyotumika, jambo hili linaweza kujulikana kabla ya fedha kubadili mikono. Diski ya Linux ya majaribio iliyowekwa katika flashi huwaka bila kugusa Windows iliyomo, na amri ya lspci -nn huorodhesha vifaa vya PCI vilivyomo ndani pamoja na namba zake, bila kuhitaji intaneti. Kadi ya mtandao yenye namba inayoanza na 8086 ni ya Intel. Inayoanza na 14e4 ni ya Broadcom, na ikifuatiwa na 4315 ni miongoni mwa zile za zamani ambazo famuwea yake haimo katika diski za Debian hadi leo. Hapo mnunuzi ana haki ya kudai apunguziwe bei ya adapta ya USB, na ile yenye chipu ya Atheros AR9271 ni miongoni mwa chache ambazo famuwea yake ni huria pamoja na chanzo chake.